Mche wa Kabatini

Karatasi kubwa ilikuwa imebandikwa ukutani mwa darasa tangu Jumatatu, na juu yake pameandikwa MASWALI YETU. Chini yake palikuwa peupe. Swali halikuwapo hata la dawa.

Kosa lilikuwa la mwalimu mwenyewe, Kamusi. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa sababu hakuna alichoulizwa akakosa jibu. Mtoto akifungua mdomo tu, yeye keshajibu. Aliwapenda mno hata asivumilie kuwaona wamekwama, nao wakazoea kulishwa. Swali walilobakiwa nalo lilikuwa moja: "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?"

Mwalimu mkuu alimwambia bila kupepesa macho, "Mwalimu wangu, Ijumaa ikifika karatasi bado tupu, darasa namkabidhi mwenzako." Kamusi alijichekesha mbele yake, lakini roho ilimuuma. Watoto wale ndio waliokuwa furaha yake.

Ijumaa ikafika. Wiki mbili nyuma walikuwa wamepanda maharagwe katika makopo mawili, moja wakaliweka dirishani, jingine kabatini gizani. Kamusi aliwahi kuwaambia kwamba la gizani halitatoa kitu cha maana. Wakafungua kabati.

"Makubwa!"

Mche wa gizani ulikuwa mrefu mara mbili ya mwenzake, mwembamba, umepauka, umejikunja chini ya rafu.

Wote wakamgeukia Kamusi. Maelezo yalimjia yamejipanga vizuri, akafungua mdomo, jicho likaangukia ile karatasi. Akaufunga. Akaanza kufuta miwani ambayo wala haikuwa chafu.

Hatimaye binti wa fundi cherehani, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amesema zaidi ya "nipo", akasogea.

"Huu mche ulikuwa unakwenda wapi?"

"Miche haiendi, wewe!" mwenzake akamcheka.

"Sasa mbona umejivuta hivi? Kuna kitu ulikuwa unakitafuta."

"Tutajuaje?" Kamusi akauliza.

Darasa likageuka soko. "Tuutie kwenye boksi!" "Tufunge kila mahali!"

"Tutoboe tundu upande mmoja tu," alisema yule binti, "tuone utaelekea wapi."

Boksi likatobolewa, mche ukaingizwa, naye akaandika swali lake kwenye ile karatasi, herufi zikipanda mlima. Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni, akalisoma, akaenda zake akitabasamu.

Kengele ilipolia, binti alibaki nyuma.

"Mwalimu, si wewe unajua utaelekea wapi?"

Alijua. Miaka yote alijua. Lakini alilitazama boksi lile lenye tundu dogo, akashangaa kujikuta ana hamu.

"Jumatatu tuwahi," alimwambia. "Tukaangalie."