Ukungu wa Kwenye Friji

Fundi wa maabara, aliyepachikwa jina Bi Darubini na wenzake, alibwaga trei ya miche juu ya meza ya mkurugenzi bila hata kubisha hodi. Majani yalikuwa meusi, yamelegea kama matambara.

"Hiki ndicho kiazi chako kisichougua," alisema. "Siku tano tu!"

"Kilifaulu majaribio yote, dada."

"Kilifaulu kwa ukungu wa kwenye friji yetu ya maabara! Miaka kumi na moja tunaulisha, tunaubembeleza, tunaipima miche kwa huohuo. Huu ulioua miche hii nimeutoa shambani kwa shangazi yangu mwezi uliopita."

Alikwisha kulisema hilo katika vikao vitatu, na mara zote tatu likaandikwa chini ya "mengineyo". Kinga ya kiazi kile ilikuwa jeni moja tu, mlinzi anayemjua mwizi mmoja kwa sura. Ukungu wa friji ulikuwa bado na jeni ya kushambulia inayoufichua kwa mlinzi huyo. Wa shambani ulikwisha kuitupa jeni hiyo, ukapita mlangoni mchana kweupe. Dawa aliitaja pia: wasome jeni za ukungu ulioko mashambani leo, wajue ni zipi ambazo ukungu hauwezi kuishi bila hizo, ndipo waunganishe kinga mbili tatu za kuzilenga. Miaka minne zaidi. Walimcheka.

"Malori ya mbegu za kiazi hiki yapo uani," mkurugenzi alisema, akiisogeza trei kwa kidole kimoja. "Wageni wa uzinduzi wako njiani. Tutaliweka kwenye ripoti."

"Ripoti haipandwi, bosi!"

Akabeba trei yake hadi uani, ambako wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia matupu. Akawaeleza yote. Alitarajia wamgeukie mkurugenzi. Wakamgeukia yeye.

"Leo ndiyo unajua?" mmoja alifoka. "Siku zote mlikuwa mnapika nini humo ndani?"

"Mwacheni, mshahara wake hauoti ukungu!" mwingine alidakia, wakacheka kwa uchungu.

Shangazi yake akatoka kwenye foleni, akachuma jani moja, akalinusa. Harufu ile aliijua. Msimu uliopita ukungu huo ulimmalizia shamba lote.

"Nimekuamini, mwanangu. Hiki sikipandi." Akalikunja gunia lake. "Lakini mvua ni wiki ijayo. Sasa nipande nini?"

Miaka minne, hilo ndilo jibu pekee alilokuwa nalo Bi Darubini. Lori la kwanza lilikwisha kufunguliwa, na foleni ikasogea kuziba nafasi ya shangazi.