Yule wa Kalemie

Wafaransa nao wana mambo! Hata neno la kumnyooshea mtu kidole, kwao lazima livae suruali au gauni. Sisi tukishasema "yule" tumemaliza, awe mwanamume, awe mwanamke. Kwao hapana: mwanamume ni celui-là, mwanamke ni celle-là. Ukikosea, Sista Anisia anakurudisha mwanzo wa daftari.

Noela, fundi cherehani wa Bugarama, alikuwa amefundishwa na sista huyo miezi minne, kila Jumapili baada ya misa, kwa siri. Mchumba wake Ilunga, Mkongo anayetengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, angeleta washenga Jumamosi. Noela alitaka kumshtukiza siku hiyo kwa kumjibu kwa Kifaransa. Mapenzi bwana! Mtu mzima wa miaka thelathini anakariri ce, cet, cette huku akishona sare za shule.

Alhamisi Ilunga akaja kwa kina Noela, akakaa barazani. Simu ikaita; alikuwa rafiki yake wa huko kwao, Kalemie. Akaongea Kifaransa bila wasiwasi wowote, maana nani Bugarama angemwelewa? Noela, aliyekuwa kando yake akichambua choroko, akatega sikio, akifurahi kila alipodaka neno. Halafu Ilunga akasema, "Dis à celle-là que je rentre à Noël."

Mwambie yule narudi Krismasi. Mkono wa Noela ukasimama ndani ya ungo.

"Mwambie nani?" aliuliza simu ilipokatwa.

"Si yule wa Kalemie. Kaka yangu, siku zote nakwambia."

Kweli, miaka miwili alikuwa akimwambia hivyo, na miaka miwili Noela alikuwa akimtumia huyo shemeji salamu. Jamani, hata shati alimshonea.

"Kaka yako amekuwa celle tangu lini?"

Ilunga akatoa macho. Akatazama mlango, akatazama viatu vyake, mwisho akasema polepole, "Noela, nilitaka kukwambia. Mimi na yeye tuna watoto watatu."

Noela aliwaza tu kwamba angekuwa mvivu wa kusoma, leo angekuwa bado bibi harusi.

Mama yake akaita kutoka jikoni, "Noela! Mwenzio nimpakulie?"

"Usimpakulie, Mama," akajibu, machozi yakimdondokea kwenye choroko. "Ana kwake."