Kiti Kilichotukanwa

Mama Dirisha, jirani yetu, anaapa aliona kwa macho yake mawili: dada yangu kasimama katikati ya chumba cha mshauri nasaha, mkono kiunoni, anakitukana kiti. "Kiti kitupu, jamani! Kiti cha watu, hata hakijamkosea!" Habari ilipofika kwa muuza mkaa, kiti kilikuwa kimeshapigwa makofi. Ilipofika jioni, kiti kimemjibu.

Kiti hakikujibu. Mimi nilikuwepo, nimekaa benchi la nje nikimshikia dada viatu.

Dada ni mcheza dansi, ndiyo ajira yake. Tangu aanguke mbele ya ukumbi uliojaa, mguu umepona lakini yeye hajapona. Muziki ukianza anaganda kando ya jukwaa kama nguo iliyosahauliwa kambani. Jumamosi kuna onyesho, na mkuu wa kikundi alishasema: akiganda tena, nafasi yake anapewa mwingine.

Basi mshauri akamwambia aiweke hofu yake kwenye kile kiti, aiambie yaliyo moyoni. Dada akaiambia. Tatizo, kikundini wamefundishwa kutabasamu hata ukikanyaga mwiba. Anasema "Umeniharibia maisha!" huku meno yote nje, kidevu juu, utadhani anauza dawa ya meno.

"Jaribu bila tabasamu," mshauri akasema.

"Mama, hapa ndipo nimenuna."

Nikacheka huko nje. Mlango ukafunguka.

"Wewe mwenye viatu, ingia. Kaa kwenye kiti. Leo wewe ndiye hofu."

"Mimi? Mimi ni mdogo wake!"

"Hofu nayo si mgeni kwake. Kaa."

Nikakaa. Dada kunitazama tu, akapasuka kicheko, nami nikapasuka. Mshauri alijikaza weee, mwisho akavua miwani akafuta machozi.

"Haya, hofu, una neno?"

Neno likatoka lenyewe: "Nimechoka kubebwa."

"Basi shuka!" dada akapaza sauti. "Nani alikuita? Unakula kwangu, unalala kwangu, hata vyombo huoshi!"

"Hapo kwenye vyombo unaniambia mimi au hofu?"

"Wote wawili!"

Tulicheka mpaka dada akaketi sakafuni, mbavu kazishika. Na hapo hapo kicheko kikageuka kilio. Kilio chenyewe hasa, mdomo umepinda, kamasi zinatiririka. Alipomaliza akainuka, akainamisha kichwa kama anavyowaaga watazamaji. Nusura nipige makofi.

Kisha akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono. Usoni hakuna tabasamu hata la dawa.

"Jumamosi tu," akasema. Sijui alikuwa ananiambia mimi au hofu. "Niache nicheze Jumamosi tu. Ukitaka kurudi, rudi Jumapili. Tafadhali."

Mikono yake ilikuwa ya moto. Mshauri akavaa miwani, akanigeukia, akangoja hofu ijibu.