Kofia ya Kwendea Iringa

Jumatano moja ya Julai 1975, saa nne asubuhi, Mzee Budeba alikuwa amekaa kwenye kigoda dukani kwa Alawi, jirani na soko la Mbeya, akijaribu kofia ya tatu. Nje baridi ilikuwa imeshika kwelikweli. Ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani, na watu walipita wamejitanda mablanketi, mikono makwapani. Ndani ya duka, pale kwenye kigoda, jua lilikuwa linawaka, na Alawi alikuwa ameshavua sweta.

Lilikuwa jua la saa sita mchana, na lilikuwa la Budeba peke yake. Lilimwanzia mwaka uliotangulia, siku lori la operesheni ya vijiji lilipofika kwenye mji wao huko bondeni Usangu, walikohamia na ng'ombe wao kutoka Kwimba. Walipakiwa saa sita kamili, nyumba ikabomolewa wakiwa wanaiangalia, kisha wakashushwa kwenye kijiji kipya kisicho hata na mti wa kufungia mbuzi. Jioni ilipofika, wenzake waliingiwa na giza. Budeba hakuingiwa. Saa sita ilikuwa imebaki naye juu ya utosi, hatua mbili kila upande. Akiingia ndani inaingia, akilala inalala naye. Majirani walizoea upesi, maana mtu ana mambo yake. Masika ilipokuja, walikuwa wanambishia hodi: "Shikamoo, mzee. Tunaomba utukalie kidogo kwenye mtama." Naye alikwenda, akakaa katikati ya mkeka mpaka mtama ukauke.

Kwa hiyo jua lenyewe halikuwa shida. Shida ilikuwa barua.

Mwezi wa tano, mwanawe Mihayo alirudi kwenye mji wa zamani kumtafuta ng'ombe aliyepotea siku ile ya kuhamishwa. Ng'ombe alikuwa amevuka mto, na Mihayo akavuka. Akakamatwa upande wa Iringa, kosa lake likaandikwa kuwa ameonekana mahali ambapo, kwa mujibu wa karatasi, hapaishi mtu. Alipoulizwa anaishi wapi, alikitaja kijiji kipya. Kijiji kipya kilikuwa bado hakijaingizwa kwenye karatasi. Akahesabiwa mzururaji, na ng'ombe akahesabiwa wa serikali.

Ofisi ya Iringa ilitaka kitu kimoja tu: barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri, ikithibitisha kwamba Mihayo ni mtu wa kwao, na iletwe na mzazi kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho ni Ijumaa. Jumamosi, wote wasio na barua wangepandishwa lori kwenda kwenye shamba la wafungwa, miaka miwili. Kalista, mkewe Mihayo, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini, akiwa amepiga magoti, "Baba, huyu mtoto akitoka atamkuta nani?" Kesho yake alfajiri Budeba alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wao, Fanueli, hakuwa mtu mbaya. Aliandika barua ya kwanza, Budeba akaitia mfukoni, na kabla hajafika Chimala jua lilikuwa limeshailamba ikabaki karatasi nyeupe. Ya pili aliitia kwenye kopo la kahawa. Kopo lilichemka, barua ikatoka imekauka na kuvunjikavunjika mkononi. Fanueli alikuwa amebakiwa na karatasi moja tu ya kijiji. Akaiandika kwa wino mzito, akagonga mhuri, kisha akaiviringisha ndani ya ngozi ya ng'ombe, na humo ilisalimika.

"Humo itakaa," alisema Fanueli. "Lakini siku ya siku itatolewa isomwe. Tafuta kofia, mzee. Na mimi karatasi sina tena."

Sasa kofia nayo ilikuwa na masharti yake. Kule ofisini kofia huachwa mlangoni kwa mlinzi, zikarundikwa kwenye kikapu. Budeba alikuwa anahitaji kofia ya kukunjika, aifiche ndani ya koti, apite nayo, aivae akiwa mezani. Kofia za namna hiyo huko kijijini hakuna. Ilimbidi aende kwanza Mbeya, yaani aipe Iringa mgongo, zikiwa zimebaki siku tatu.

Alawi alimsikiliza bila kumkatiza. Babu zake walitoka pwani, na alikuwa na ule utaratibu wao wa kutomharakisha mteja. Alichana kipande cha gazeti kuukuu, akamwekea Budeba mapajani.

"Tutaitazama kwa hili, mzee wangu. Gazeti likibaki na herufi zake, kofia ni yako."

Pama la sufu lilizuia jua vizuri kabisa, lakini lilipokunjwa liligoma, na lilipolazimishwa likapasuka ukingo. Ya ukindu ilikunjika bila matata. Jua likapenya kwenye msuko wake, na gazeti likatoka na madoadoa. Ya tatu ilikuwa kofia ya kiua, ile ya kudariziwa vitundu kwa mkono, kama aliyovaa Alawi mwenyewe. Haina ukingo. Jua lilimwagika pembeni, na habari zote za ukurasa wa kwanza zikafutika, pamoja na picha ya trekta.

"Hii inavujisha," alisema Budeba. Akaivua, akamrudishia. "Mwanangu, mimi sina siku nyingine. Kama hakuna, nambie hakuna."

"Tulia, mzee wangu."

Alawi akaingia ndani, akarudi na turubai la mahema ya wajenzi wa reli, lililobaki walipohama kambi. Akakata, akapiga cherehani mpaka saa nane, tabaka mbili, ukingo mpana wa kiganja kizima. Ilikunjwa mara nne ikawa kama kipande cha mkate. Ilipokunjuliwa ikakaa kichwani, na duka likaingia ubaridi ghafla. Waliliinamia gazeti wote wawili. Herufi zilikuwa zimetulia mahali pake, hata zile ndogo za matangazo ya vifo.

Budeba akafunika uso kwa viganja. Alawi akajifanya anatafuta mkasi.

Mkewe Alawi, Waridi, alikataa kupokea malipo. Alisema tangu Jumapili ukungu haujampa nafasi ya kuanika, na godoro la mtoto linanuka. Basi mzee akavua kofia, akakaa uani hadi alasiri, godoro upande huu na kanga upande ule. Alipoaga, Alawi alimsindikiza hadi njia panda na kumshika mkono.

"Nikuachie neno moja tu. Karatasi ikiwa mezani, kofia kichwani. Aseme nani, aamuru nani, usivue."

"Nimesikia," alisema Budeba.

Alhamisi akapanda basi. Basi lilishika barabara ya mashariki, likapita Chimala, likapanda kuelekea Makambako, na huko baridi ikawatafuna abiria mpaka mifupani. Walipoona ukingo wa kofia yake unang'aa kwa chini, walimwomba avue kidogo. Barua ilikuwa salama ndani ya ngozi, akavua. Mama mmoja aliyekuwa na kichanga akahamia kiti cha jirani. Alivaa tena waliposhuka Mlandege, mjini Iringa, akapanga kitanda cha gesti, akalala macho.

Ijumaa saa moja na nusu alikuwa kwenye foleni ya ofisi, mtu wa kumi na moja. Mlinzi alimpapasa, akamwacha na ngozi yake, na kofia hakuiona. Saa nne Budeba akafika mezani. Aliitoa kofia kotini, akaikunjua, akaivaa, akakunjua na ngozi. Barua ilitoka nzima: wino mweusi, mhuri wa bluu. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

Karani alikuwa kijana mwembamba anayeitwa Nkuba. Aliangalia kofia, akataka kusema jambo, kisha akaangalia barua. Akasoma mstari wa kwanza. Hapo akanyanyua macho, na uso wake ukabadilika.

"Budeba," alisema. "Budeba wa Kwimba?"

"Ndiyo."

Nkuba alisimama. Alizunguka meza, akaja mbele ya mzee, akainamisha kichwa mpaka macho yake yakawa sakafuni, kama alivyolelewa. "Mwangaluka, baba," akasema, salamu ya kwao ya asubuhi. "Mimi nami ni mtoto wa Kwimba. Wazima huko nyumbani? Mzee wako alipumzika salama?"

Ni mwaka mzima Budeba alikuwa hajasalimiwa hivyo. Kwenye lori hawakumsalimu kabisa, na shikamoo ndiyo pekee aliyoipata kwenye kijiji kipya, kilichojaa watu waliookotwa huku na huku. Na kwa kina Budeba, mtu anayeulizwa habari za baba yake marehemu huvua kofia, hata akiwa kwenye mvua ya mawe. Huiweka kifuani, na hairudi kichwani mpaka salamu iishe. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Haukumuuliza.

Jua likashuka mezani.

"Alipumzika salama," alijibu Budeba.

"Na mama yetu?"

"Naye alimfuata."

Aliiona barua kwa pembe ya jicho. Mhuri ulitangulia, bluu ikawa kijivu. Angeweza kuinua kofia, au kurudi nyuma hatua chache. Lakini kijana alikuwa anawauliza wazee wa ukoo, waliokufa na walio hai, mmoja baada ya mwingine, na mtu hawezi kuwafunikia kichwa wazee wake mbele ya mtoto anayewataja kwa heshima. Wala hawezi kumkatiza, au kumkimbia akiwa anasalimiwa. Alichoweza ni kujibu haraka. Wajomba wazima. Mashangazi wazima. Waliohamia Geita wazima. Sauti ilimpanda, akawa anajibu kabla swali halijakwisha, na jasho linamtiririka hadi kidevuni. Nkuba alidhani mzee amefurahi, akaongeza maswali. Macho yake hayakutoka sakafuni hata mara moja.

"Na ng'ombe?"

"Hawapo," alisema Budeba. "Hawapo, baba. Wamekwisha. Tafadhali."

Salamu ikaisha hapo. Budeba akavaa kofia. Nkuba alirudi kwenye kiti chake, akavuta karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Barua haina maandishi," alisema.

"Umeyasoma."

"Nimeliona jina, baba. Ndipo nikakusalimu."

"Basi unajua imesema nini. Unajua mimi ni nani, unajua na mtoto ni wa nani. Andika wewe."

"Mimi si mwenyekiti wako." Nkuba alisema kwa huzuni, na huzuni ilikuwa ya kweli. "Nilichokiona siwezi kukigongea mhuri. Nagongea kilichopo."

Budeba, mtu wa miaka zaidi ya sitini, alipiga magoti pale ofisini. Alisema Kalista atajifungua wiki hii. Alisema Mihayo hajawahi kuiba hata kuku, kwamba alimfuata ng'ombe wake mwenyewe, kwamba kijiji kipo, na yeye analala humo kila siku. Watu wa foleni walisikia yote na wakaangalia viatu vyao. Nkuba alimwinua, akampa maji, akasubiri ayamalize. Kisha akagonga mhuri wa kupokelewa juu ya ile karatasi nyeupe, akaandika tarehe, akaitia kwenye faili la Mihayo Budeba. Alimwambia aje na barua nyingine kabla ya saa tisa.

Kutoka Iringa hadi kijijini ni mwendo wa siku nzima, na Fanueli hakuwa na karatasi.

Jumamosi alfajiri, Budeba alikuwa amesimama nje ya uzio pamoja na jamaa wa wafungwa wengine, wote wanawake isipokuwa yeye. Umande ulikuwa mzito na kilima chote kilikuwa ndani ya ukungu. Aliogopa Mihayo asimtambue kwenye ule umati, kwa hiyo alivua kofia. Wanawake wakasogea kwenye mwanga, si kwa kushangaa, kwa baridi tu.

Geti lilifunguliwa, lori likatoka taratibu. Vijana walikuwa wamesimama nyuma, wamefungwa wawili wawili. Mihayo aliona lile doa la mchana kutoka mbali, akajisogeza ukingoni, akamvuta na mwenziwe.

"Baba," alisema. "Kalista?"

"Bado. Siku yoyote sasa."

Mihayo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekonda, na shavu moja lilikuwa limevimba. Alimwangalia baba yake, upara wake umebabuka, midomo imepasuka, na lori lilikuwa limeanza kushika mwendo.

"Vaa kofia, baba," alisema. "Jua litakuumiza."

Tangu azaliwe, Mihayo hakuwahi kumwamuru baba yake jambo lolote. Budeba akavaa. Palikuwa na giza tena pale uzioni, na lori likakata kona.

Wanawake wakaanza kutawanyika. Budeba alimfuata mlinzi aliyekuwa anafunga geti, akamuuliza kwa adabu lile shamba liko wapi, upande gani, mtu akitaka kwenda anapita njia ipi. Mlinzi alimaliza kutia komeo, akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia kwamba jambo hilo huulizwa kwa barua.