Kiti cha Kola

Kwenye karakana ile ya sare za shule kila mama alikuwa na kipande chake. Wa mikono akimaliza anamsogezea wa kola, wa kola anamsogezea wa vifungo. Akikosekana mmoja, waliobaki wanakaa wakitazamana na msimamizi anaanza kupandisha sauti. Mama Kidosho alikuwa wa kola, na kola haina msamaha: ikipinda kidogo tu, shati zima linaonekana limelewa.

Kidosho, binti yake wa pekee, alikulia pale pale chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Akilia, aliyekuwa karibu alimpa peremende ili kazi isisimame. Kopo la peremende lilikaa dirishani, na msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akilijaza. Watu wazuri kabisa, jamani, hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Meno yalipoanza kuwa meusi wakasema ni ya utoto tu, yatang'oka yenyewe yaje mengine.

Hayakung'oka. Yaliozea palepale. Bibi alipohamia kwao ili mjukuu abaki nyumbani, maumivu nayo yakahamia. Mtoto analia, bibi anamsukutulisha maji ya chumvi, mama hapati usingizi, na asubuhi kola hazina mtu. Zahanati waliwapa vidonge, wakawaambia daktari wa meno huja kwa nadra. Mwanzoni wenzake kazini walimpa pole. Baadaye hata salamu yake waliiitikia kwa shingo upande. Mwishowe msimamizi, yule yule wa kopo, akamwambia kwamba jino la mtoto haliwezi kusimamisha karakana nzima, na akikosa kuja tena, kiti chake kitapata mwingine. Jioni mama alimsimulia bibi jikoni, akidhani mtoto amelala.

Tangu siku hiyo Kidosho akapona. Ndivyo walivyoona. Halii tena, na akipewa chakula anasema ameshiba. Mama alifurahi mpaka akawa anaimba akifua nguo, akawatangazia wenzake kuwa dawa imefanya kazi. Mtu akichoka kiasi kile huamini anachotaka kuamini, na anayetaka kumlaumu akakae kwanza kwenye kile kiti.

Bibi ndiye aliyegundua, siku mtoto aliposhinda amejifunga mtandio usoni akisema anacheza bibi harusi. Alipomfungua ili amwogeshe, akakuta shavu linawaka moto, na chini ya taya pamevimba na kuwa pagumu.

"Usimwambie mama," Kidosho alimnong'oneza. "Watamkalisha mtu kwenye kiti chake."

Hospitali usiku huo, daktari aliwagombeza mama na bibi kwa kuchelewa. Usaha ulikuwa umeshuka hadi shingoni, alisema, na hakutaka kuwaahidi chochote.

Asubuhi mama alikimbia mara moja karakanani kuomba ruhusa. Kwenye kiti cha kola alikuwa ameketi mdogo wa yule mama wa vifungo, ameinamia kazi kana kwamba amezaliwa pale. Hakuna aliyeinua kichwa. Msimamizi alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia amwangalie kwanza mgonjwa, kisha akachota peremende kutoka kwenye kopo na kumjaza kiganja, za kumpelekea mtoto. Alikuwa na nia njema. Mama alizipokea, akasema asante.

Njiani alizitupa mtaroni, akalia pale pale kando ya barabara, watu wakimpita.

Kidosho alifumbua macho mchana. Kinywa kilifunguka kwa shida, ikabidi mama ainame ili amsikie.

"Mama, kola anashona nani?"

"Mimi."

Mtoto alimtazama, akaitazama mikono yote miwili ya mama ilivyoushika mkono wake.

"Basi nenda," akasema. "Haliumi."