Mababu wa Ngazini

Sir Crispin Thornhay, baroneti wa kumi na moja, aliniita mimi, fundi na mtumishi wa nyumba yake, nipigilie msumari. Picha yake ya rangi ilikuwa imekamilika: koti la kuwindia, mbwa miguuni, kidevu juu. Shida ni kwamba ukuta wa ngazi ulishajaa picha za mababu kumi, na katika jumba la Thornhay baroneti asiyetundikwa ngazini ni kama hakupata kukishika cheo.

"Mmoja ashuke," alisema.

Dada yake, Hester, alikuwa ameketi ngazini na kikombe chake cha chai. Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini cheo chao hurithiwa na wanaume tu, naye akaachiwa kuhangaika na paa linalovuja.

"Basi mshushe wa kwanza," alisema. "Si alikinunua cheo kwa mfalme aliyefilisika?"

"Dada! Bila yeye tungekuwa wachunga kondoo tu."

"Wa tatu, basi. Vita vilipochacha alijificha kwenye tanuri la mikate, akatoka kumshangilia aliyeshinda."

"Angetoka mapema, sisi tusingezaliwa."

"Haya, wa tano. Alipoteza msitu mzima kwa kamari ya mashindano ya konokono!"

Sir Crispin alimtazama sana wa tano. "Huyo ndiye pekee mwenye sura nzuri," alisema kwa unyonge. "Akiondoka, wageni watadhani ukoo mzima uko hivi."

Alipanda, akashuka, akigusa fremu moja moja. Kila babu alimpatia utetezi. Mwishowe akajibwaga kando ya dada yake.

"Kumbe sina nafasi nyumbani kwangu."

"Karibu, mdogo wangu. Mimi nimezoea."

Hester akanywa funda la chai.

"Chooni kuna ukuta," Hester alisema. "Si ndiko kilikotundikwa cheti cha nguruwe wako aliyeshinda maonyesho?"

"Mimi? Chooni?"

"Hawa wa ngazini nani huwatazama? Watu wanapita tu. Kule mgeni atakaa nawe uso kwa uso, wala hana pa kukimbilia."

Sir Crispin akawaza, kisha akanigeukia. "Fundi, iwe mbele ya aliyekaa. Si kisogoni."

Jumapili padri alikuja kunywa chai, akaomba kwenda msalani, akakawia. Aliporudi aliuliza jina la yule mbwa.

"Biscuit," akajibu Sir Crispin, uso ukimng'aa. Mbwa walio kwenye picha za mababu wote kumi, hakuna aliyewahi kuwaulizia.

"Mwongezee padri chai," Hester alininong'oneza. "Arudi tena kule."