Mfarishi wa Watu Wawili

Nilikuwa nimekaa mkekani nachambua sufi, simu nimeibana kwa bega. Kokwa nilitia bakulini, sufi safi guniani. Upande wa pili alikuwa dalali wa Lushoto, naye hasikii mpaka upaze sauti.

"Nyumba ndogo inanitosha," nilimwambia. "Umri huu, kubwa ya nini? Niwekee, usimpe mwengine. Nnakuja kabla ya joto la kaskazi."

Nilipogeuka nikamwona Mize, dada wa mke wangu, kasimama mlangoni na sahani ya visheti. Aliiweka chini taratibu, kama anayeweka yai.

"Hongera, shemeji. Na mvi zako hizo!"

Akashuka ngazi. Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu mwanamume akitaja nyumba ndogo, hakuna anayefikiria matofali.

Kisa chenyewe kilianza kaskazi ya mwaka uliotangulia. Umeme ulikatika Mkunazini, feni ikasimama, nami nikaanguka kwenye ngazi hizo hizo. Daktari akasema miezi ya joto nisikae mjini. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa mafriji, kazi niliyojifundisha kwa kuyafungua na kuyafunga. Nimepoza samaki wa mji mzima. Kifua changu ndicho kilichonishinda.

Mazoea ya ufundi ni kutosema kitu mpaka umekijaribu. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda Tanga kumtazama rafiki, na kweli nilimtazama. Sikusema kwamba kutoka hapo nilipanda milima. Soni palinipendeza, ila nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa bondeni, na kila safari ya sokoni ni kilima. Lushoto nililala nikaomba blanketi la pili, na alfajiri nikaenda msikitini kwa miguu bila kusimama njiani. Hapo nikachagua.

Alasiri ile mke wangu, Salhiya, alirudi kutoka kwa dada yake. Hakuvua buibui.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wa nyumba ndogo."

"Haina jina, Mama Shadya. Ina bati jekundu na mti wa mapeasi."

Nikamweleza yote, daktari, Soni, Lushoto. Nilidhani atacheka. Alinitazama mpaka nikaiacha sufi.

"Angekuwa mke mwenza ningejua pa kuanzia," alisema. "Mlima nitagombana nao vipi?"

"Ni miezi ya joto tu. Kama wavuvi wa Nungwi wanapokwenda dago. Msimu ukisha, wanavunja kambi, wanarudi kwao."

"Wa dago huondoka na afya zao. Wewe ukianguka kule, nani atakunyanyua? Maiti haingoji boti, Baba Shadya. Watakuzika kwenye mashamba ya mbatata, mimi huku nipewe pole kwa simu."

 Kule nilikuwa nimejaribu paa, maji, barabara na ngazi. Hilo la kaburi sikulifikia.

Macho yake yakaangukia jora la kitambaa ubavuni mwangu, na mkasi juu yake.

"Na hiki?"

"Mfarishi. Sufi katikati, wa kujifunika. Usiku kule kuna baridi."

Alikishika pembe, akanyoosha mikono yote miwili. Haikufika mwisho. Akakaza uso tena.

"Huu wa watu wawili."

"Naam."

"Wa pili nani?"

"Wewe."

"Nani kaniuliza?"

Chini, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, mpaka sauti ikapotea kichochoroni. Salhiya alivua buibui, akakaa ukingo wa pili wa mkeka. Akatia mkono guniani, akatoa fumba la sufi niliyokwisha kuisafisha, akaipekecha kwa vidole.

"Ina kokwa bado. Mtu atajifunika kokwa?"

Akaanza kuichambua upya. 

"Umekubali?"

"Nachambua," alisema.

Alichambua mpaka ikaadhiniwa magharibi. Gunia halikufika hata nusu. Akalifunga mdomo, akasema iliyobaki kesho. Kitambaa cha watu wawili alikikunja kizima kizima, na mkasi akaondoka nao.